Bei Iliyoandikwa na Zawadi Isiyo na Bei

Kijana wa Dar es Salaam anayetaka kununua kompyuta mpakato siku hizi hafuati tena desturi ya baba yake ya kwenda moja kwa moja kwa muuzaji anayemfahamu. Hufungua duka la kwanza la mtandaoni, la pili, la tatu. Huangalia bei, gharama ya usafirishaji na ushuru utakaotozwa mzigo ukifika. Kisha hutazama ni duka lipi linatoa pointi, ni kadi ipi ya benki inamrudishia mteja sehemu ya fedha zake, na ni msimbo upi wa punguzo ambao muda wake haujaisha. Baada ya saa mbili za hesabu hununua, naye huondoka akiamini kwamba amewashinda wafanyabiashara. Nimewasikia wanafunzi wangu wakijisifia ushindi wa namna hiyo, wakioneshana hata picha za risiti. Siwalaumu. Lakini mtu anayefundisha historia ya uchumi hawezi kuutazama mchezo bila kuuliza ni nani aliyeuchora uwanja.

Jibu ninalolileta hapa ni kwamba kulinganisha bei na kupewa zawadi, mambo mawili tunayoyaona kama mapacha wanaomsaidia mnunuzi, kwa historia yake ni mahasimu. Kila mara mnunuzi alipopata uwezo wa kuziona bei za maduka mengi kwa wakati mmoja, muuzaji alibuni zawadi iliyozifanya bei hizo zisilinganishike. Na kila zawadi ilikuwa na mtu aliyeilipia ambaye hakuipata.

Tuanze na kitu tunachokidharau kwa sababu tumekizoea: kibandiko cha bei. Huwezi kulinganisha bei ambazo hazikuandikwa. Kwa sehemu kubwa ya historia ya mwanadamu bei haikuwa namba iliyokaa juu ya bidhaa. Ilikuwa mazungumzo, na matokeo yake yalitegemea sura yako, lafudhi yako, haraka yako na ujirani wako na muuzaji. Waumini wa madhehebu ya Quaker huko Uingereza walilipinga jambo hili tangu karne ya 17 kwa hoja ya dini: kutaja bei ambayo hukukusudia kuipokea ni uongo, hivyo muuzaji mkweli atataja bei moja kwa kila mtu. Ilikuwa ni msimamo wa wachache wenye dhamiri nyepesi kuguswa, na soko halikuwafuata mara moja.

Kilicholifanya soko liwafuate ni ukubwa wa duka. A. T. Stewart alipofungua jengo lake la marumaru jijini New York mwaka 1846, na Aristide Boucicaut alipoingia ubia katika duka la Au Bon Marché jijini Paris mwaka 1852, walikabiliwa na tatizo ambalo mwenye kibanda hana. Kupatana bei ni ujuzi, na zaidi ya hapo ni mamlaka: anayepatana lazima ajue mzigo ulinunuliwa kwa kiasi gani na awe na haki ya kuamua faida. Mwenye duka aweza kufanya hivyo. Lakini ukiwa na mamia ya wauzaji walioajiriwa, wengine vijana waliotoka mashambani juzi, utawapaje mamlaka ya kuamua faida yako? Bei iliyoandikwa iliwanyang'anya wauzaji hao uamuzi na kuuhamishia ofisini. Ilikuja, basi, kama nidhamu ya wafanyakazi kabla ya kuwa hisani kwa mteja. John Wanamaker wa Philadelphia, aliyefungua duka lake kubwa mwaka 1876, aliifanya kuwa karibu injili, na matangazo yake yaliifundisha Marekani kwamba bei moja kwa wote ni uadilifu.

Hata hivyo, matokeo yalizidi makusudio. Mara bei ilipoandikwa, mwanamke wa Paris aliweza kuingia duka moja, kusoma, kutoka bila kununua, na kwenda kusoma kwenye duka la pili. Kuingia bila wajibu wa kununua lilikuwa jambo jipya kabisa. Emile Zola aliandika riwaya nzima juu ya duka la aina hiyo, *Au Bonheur des Dames*, iliyotoka mwaka 1883.

Hatua iliyofuata ilihusu umbali, na hapa ndipo siasa inapoingia kwa uzito. Mwaka 1872 Aaron Montgomery Ward wa Chicago alichapisha karatasi moja yenye orodha ya bidhaa na bei zake, akaituma kwa wakulima. Karatasi ikawa kitabu. Sears, Roebuck wakafuata na kitabu kinene zaidi. Serikali ya Marekani ilipoanza kupeleka barua hadi milangoni vijijini mwaka 1896, na vifurushi mwaka 1913, mkulima aliyekuwa na duka moja tu la kijiji sasa alikuwa na mizani mezani mwake. Aliweza kusema: jembe hili lako ni bei gani, na la Chicago ni bei gani? Wenye maduka wa vijijini walielewa mara moja kilichokuwa kikitendeka. Katika baadhi ya miji walihimiza katalogi zikusanywe na kuchomwa moto hadharani. Ukitaka kujua kama chombo fulani cha habari kina nguvu, tazama ni nani anayetaka kukichoma.

Katika majimbo ya kusini jambo hilo lilikuwa na uso mwingine. Wakulima Weusi, watoto na wajukuu wa waliokuwa watumwa, waliishi chini ya mfumo wa mkopo uliowekewa rehani mazao ambayo hayajavunwa. Duka la kijiji mara nyingi lilikuwa na bei mbili, ya fedha taslimu na ya mkopo, na mkulima asiye na fedha taslimu alilipa ya pili. Juu ya hayo alisubiri hadi wateja Weupe wote wahudumiwe, akapewa alichopewa badala ya alichochagua. Mwanahistoria Louis Hyman ameeleza kwa ufasaha jinsi katalogi ya Sears ilivyoupenya ukuta huo: kitabu hakikujua rangi ya msomaji wake. Bei iliyochapishwa Chicago ilikuwa ileile kwa wote waliokuwa na fedha ya kuituma kwa posta. Siandiki haya ili kuisifu kampuni. Iliuza ili ipate faida, basi. Ninayaandika kwa sababu ni mfano ulio wazi kuliko yote wa jambo ninalotaka tulishike: haki ya kuona bei na kuilinganisha na nyingine ni haki ya kisiasa kabla ya kuwa ujanja wa kuokoa shilingi.

Ndipo zikaja stempu.

Mwaka 1896 Thomas Sperry na Shelley Hutchinson walianzisha kampuni ambayo haikuuza bidhaa yoyote kwa mlaji. Iliuza stempu kwa wenye maduka. Mwenye duka alinunua stempu hizo, akamgawia mteja stempu moja kwa kila senti kumi alizotumia; mteja akazibandika nyumbani kwenye kijitabu; vijitabu vikitosha, akavipeleka kwenye kituo cha kampuni na kuchukua birika, taa au blanketi. Kijitabu kimoja kilimeza stempu 1,200. Ukipiga hesabu, hizo ni dola 120 za manunuzi kwa kijitabu kimoja. Kufikia miaka ya 1960 stempu za kijani za Sperry na Hutchinson zilikuwa sehemu ya maisha ya jikoni huko Marekani, na watoto wengi walijua ladha ya gundi yake.

Tazama ubunifu uliomo. Duka la kwanza linauza sukari kwa senti 50 bila stempu. La pili linauza kwa senti 51 na kutoa stempu tano. Ni lipi lenye bei nafuu? Ili ujibu, lazima ujue stempu moja ina thamani gani, na thamani hiyo inategemea blanketi ambalo bado hujalichagua, litakalopatikana siku ambayo hujui, ukifanikiwa kujaza kijitabu ambacho huenda kitapotea kabla hakijajaa. Kulinganisha kumevunjwa bila bei kufichwa. Bei bado imeandikwa, kubwa na wazi. Kilichoongezwa ni kitu kisicho na bei. Na mwenye duka alilipa takriban asilimia mbili ya mauzo yake kwa ajili ya stempu hizo, gharama ambayo ilirudi kwenye sukari ya kila mtu, akiwamo yule aliyekuwa na shughuli nyingi mno za kubandika karatasi.

Wanawake waliokuwa wakizibandika hawakuwa wajinga. Mwezi Oktoba 1966, bei za vyakula zilipopanda, akina mama wa Denver, Colorado, waligomea maduka makubwa, na mgomo ukaenea katika miji mingi ya Marekani. Miongoni mwa madai yao lilikuwamo hili: ondoeni stempu na bahati nasibu zenu, mpunguze bei. Walikuwa wameshaifanya hesabu ambayo wachumi wengi wa vyuo vikuu hawakuwa wameiona kuwa na hadhi ya kufanywa.

Uingereza ilipita njia hiyo kwa haraka zaidi na kwa kelele zaidi. Richard Tompkins alianzisha stempu za Green Shield mwaka 1958. Tesco walijiunga mwaka 1963. Sainsbury's wakazipinga vikali. Bunge likaingilia. Mwaka 1964 zikapita sheria mbili ambazo kwa maoni yangu zinapaswa kusomwa pamoja, ingawa vitabu vingi huzitenga. Ya kwanza, Sheria ya Bei za Kuuzia Tena, iliyosukumwa na Edward Heath, iliwazuia wenye viwanda kumpangia muuzaji wa rejareja bei ya kuuzia, isipokuwa wachache walioweza kuishawishi mahakama. Kabla ya hapo hapakuwa na maana ya kuzunguka madukani kutafuta redio ya bei nafuu, kwani mwenye kiwanda alikwisha kuamua iuzwe bei moja kila mahali. Ya pili ilikuwa Sheria ya Stempu za Biashara. Ilitaka kila stempu iandikwe juu yake thamani yake kwa fedha, hata kama ni sehemu ndogo tu ya peni, na ikampa mteja haki ya kudai fedha badala ya birika.

Ndiyo kusema, Bunge lilielewa pande zote mbili za jambo. Sheria ya kwanza iliruhusu bei zitofautiane ili ziweze kulinganishwa. Ya pili iliitaka zawadi itamke bei yake ili isiuvuruge ulinganisho huo. Sijaona mahali pengine ambapo mantiki hii iliandikwa kwa ufupi kiasi hicho.

Sisi Tanzania tulikuwa na namna yetu ya kuondoa ulinganisho, na haikuwa ya viwanda bali ya dola. Mwaka 1973 ilianzishwa Tume ya Taifa ya Bei, na katika muda wa miaka michache orodha yake ilikuwa na maelfu ya bidhaa zenye bei iliyopangwa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuziweka biashara za vijijini mikononi mwa maduka ya vijiji na ushirika, na ambayo ilibidi ilegezwe upesi kwa sababu vijiji vingine vilibaki bila duka lolote. Nia haikuwa mbaya. Serikali ilitaka mtu wa Kigoma asinyonywe kwa kuwa tu yuko mbali, na nia hiyo ina undugu na ile iliyoifanya katalogi ya Chicago kuwa ukombozi. Lakini bei ikiwa moja na bidhaa haipo, mnunuzi hulinganisha vitu vingine. Alilinganisha foleni. Alilinganisha jamaa: nani ana shemeji katika Kampuni ya Biashara ya Mkoa, nani anamjua mtunza ghala. Sabuni ilikuwa na bei mbili, moja ubaoni na moja gizani, na ya gizani ndiyo iliyokuwa na sabuni. Kampeni ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi iliwakamata walanguzi, wakubwa na wadogo, lakini haikuijaza rafu hata moja kwa muda mrefu. Kilichozijaza ni uamuzi wa 1984 wa kuruhusu watu waingize bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi.

Kizazi changu kimerithi kutoka kipindi hicho tabia ambayo wanafunzi wangu hawanayo: kuamini kwamba bei iliyoandikwa haisemi ukweli wote. Nadhani ni urithi mzuri kuliko tunavyoukubali.

Turudi kwenye mtandao. Mwaka 1961 mchumi George Stigler alikuwa ameandika kwamba bei za kitu kilekile hutofautiana kwa sababu kutafuta kuna gharama: nauli, muda, uchovu. Punguza gharama ya kutafuta, na tofauti itapungua. Kwa hiyo intaneti ilipofika, wengi walitabiri kwamba sasa kila bidhaa itakuwa na bei moja duniani, ya chini kabisa. Mwaka 1995 kampuni ya Andersen Consulting ilitoa programu iliyoitwa BargainFinder, ambayo iliuliza bei za santuri za muziki katika maduka kadhaa ya mtandaoni kwa mpigo mmoja. Baadhi ya maduka hayo yaliizuia programu hiyo isiingie. Katalogi zilikuwa zinachomwa tena, safari hii bila moshi.

Utabiri ulitimia nusu. Erik Brynjolfsson na Michael Smith walizichunguza bei za vitabu na santuri mwaka 1998 na 1999, wakakuta kwamba za mtandaoni zilikuwa chini kwa asilimia 9 hadi 16 kuliko za maduka ya kawaida. Lakini tofauti kati ya duka moja la mtandaoni na jingine ilibaki kubwa, ingawa kulinganisha kulihitaji kubofya tu. Sababu mojawapo ilielezwa baadaye na Glenn Ellison na Sara Fisher Ellison, waliochunguza wauzaji wadogo wa vipuri vya kompyuta kupitia tovuti ya Pricewatch. Wauzaji hao, wakijua kwamba mnunuzi anaiona orodha iliyopangwa kuanzia bei ya chini, waliweka juu ya orodha kifaa duni chenye bei ya kutupa. Mnunuzi akifika dukani alielezwa kwa nini kifaa hicho hakimfai na kwa nini kile cha bei ya juu kidogo ndicho hasa anachokihitaji. Wengine waliishusha bei na kuipandisha gharama ya usafirishaji. Mtu wa Kariakoo akisoma utafiti huo atacheka, maana unaeleza kwa hesabu nzito jambo analolijua kila anayeuza simu Mtaa wa Aggrey.

Na muuzaji alikuwa amepata chombo ambacho Stewart na Boucicaut hawakukiota: uwezo wa kumtambua mnunuzi. Mwezi Septemba mwaka 2000 wateja wa Amazon waligundua, kwa kulinganisha wao kwa wao, kwamba filamu ileile ilikuwa na bei tofauti kwa watu tofauti. Kampuni ilisema lilikuwa jaribio lililogawa bei kwa bahati nasibu, halikuangalia mteja ni nani, na ikawarudishia wateja tofauti. Sina sababu ya kubisha. Jambo la kihistoria ni kwamba kibandiko cha bei, kilichokuwa mbele ya macho ya wote tangu 1846, kwa mara ya kwanza kiliweza kusomeka tofauti kwa kila jicho.

Zawadi nazo zilirudi zikiwa na kumbukumbu. Tesco waliziacha stempu mwaka 1977 ili wapunguze bei, na uamuzi huo uliwanufaisha. Miaka 18 baadaye, mwaka 1995, wao haohao walileta kadi ya pointi, Clubcard. Kulikuwa na tofauti moja kubwa: stempu haikujua aliyeibandika ni nani, kadi inajua. Ulipokuwa ukikusanya pointi, nayo ilikuwa ikikusanya wiki zako: unakula nini, mtoto amezaliwa lini, umeanza lini kununua dawa ya mafua. Kwenye mtandao zikaja huduma za kurudishiwa fedha, kama Ebates iliyoanza mwaka 1998 na kununuliwa na Rakuten ya Japani mwaka 2014. Utaratibu wake ni rahisi. Duka hulipa kamisheni kwa yeyote aliyemleta mteja. Huduma hupokea kamisheni hiyo na kukugawia sehemu. Fedha unazorudishiwa zilikuwamo tayari ndani ya bei uliyolipa. Hukupewa, umerudishiwa kipande cha ulichotoa, na aliyekirudisha amebaki na kipande kingine pamoja na orodha ya kila ulichonunua.

Nani analipia? Mwaka 2010 Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins wa Benki ya Shirikisho ya Akiba ya Boston walifanya hesabu juu ya kadi za mkopo za Marekani. Maduka hutozwa ada kwa kila malipo ya kadi, ada huingia kwenye bei, na bei ni ileile kwa anayelipa kwa kadi na anayelipa noti. Walikadiria kwamba kila kaya inayolipa taslimu huwahamishia watumiaji wa kadi wastani wa dola 149 kwa mwaka, na kila kaya yenye kadi hupokea dola 1,133. Kwa kuwa wenye kadi zenye zawadi nono ndio wenye kipato kikubwa, fedha hupanda mlima. Mwanamke wa Denver wa mwaka 1966 asingeshangaa.

Basi labda mkombozi ni tovuti ya kulinganisha bei, isiyouza kitu na isiyotoa zawadi? Historia ya Foundem inajibu. Adam na Shivaun Raff, mume na mke, waliianzisha tovuti hiyo nchini Uingereza mwaka 2006 kwa kazi hiyo hasa. Muda si mrefu Google iliishusha chini kabisa ya matokeo yake, mahali ambapo hakuna mtu huenda, huku huduma ya Google yenyewe ya kulinganisha bei ikikaa juu. Walilalamika Brussels. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42, na tarehe 10 Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikathibitisha. Foundem ilikuwa imeshafungwa tangu mwaka 2016. Mwenye mlango wa soko alikuwa ameamua ni mizani ipi ionekane, na sheria ilifika baada ya mazishi.

Kuna waliojaribu njia nyingine kabisa. Ufaransa, tangu sheria ya Jack Lang ya 1981, mchapishaji ndiye anayepanga bei ya kitabu, na hakuna duka linaloruhusiwa kupunguza zaidi ya asilimia 5. Duka la mtandaoni lilipokatazwa mwaka 2014 kutoa usafirishaji wa bure wa vitabu juu ya punguzo, lilianza kutoza senti moja ya euro. Bunge likarudi tena, na tangu Oktoba 2023 ada ya chini ni euro 3 kwa oda zisizofika euro 35. Nchi ile imeamua kwamba kwa bidhaa hii moja wananchi wasilinganishe bei, ili duka dogo la vitabu lisife. Mimi ninayeishi katika nchi ambayo mikoa mizima haina duka la vitabu vya fasihi siwezi kuucheka uamuzi huo.

Sasa nyumbani. Jumia ilijiondoa Tanzania mwezi Novemba 2019, na waliojaza nafasi si maduka makubwa ya mtandaoni bali maelfu ya wauzaji wa Instagram na WhatsApp, wengi wao wakiwa na chumba au kabati Kariakoo. Fungua kurasa zao. Picha ni nzuri, maelezo ni kamili, na mahali pa bei pameandikwa: "Njoo inboksi." Au: "Bei maelewano." Chombo cha kisasa kuliko vyote kimeturudisha kabla ya mwaka 1846. Muuzaji ana sababu zake. Dola inapanda wiki hii na kushuka wiki ijayo, na jirani yake wa ghorofa ya pili anaisoma kila bei anayoiandika. Lakini ukienda inboksi, kabla hujatajiwa bei, ameshaiona picha yako, jina lako, na pengine safari yako ya mwisho ya Zanzibar.

Mwanaanthropolojia Clifford Geertz, akiandika mwaka 1978 juu ya soko la mji wa Sefrou nchini Moroko, alieleza kwamba mahali ambapo habari ni haba na ghali, mnunuzi mwenye akili hazunguki soko zima. Hushikamana na muuzaji mmoja na kumchimba kwa kina. Ndivyo baba zetu walivyofanya, na ndivyo anavyofanya bado mtu mwenye daftari kwenye duka la Mangi mtaani kwake. Hulipa sukari ghali kidogo kuliko duka kubwa la mjini, naye anajua. Anachokinunua pamoja na sukari ni haki ya kuchukua unga tarehe 24 wakati mshahara haujafika. Hiyo nayo ni zawadi ya uaminifu, na ni ya zamani kuliko stempu zote. Hakuna tovuti inayoweza kuiweka kwenye orodha yake, kwa hiyo kila hesabu ya mtandaoni itamwona mtu huyu kuwa mjinga. Mimi simwoni hivyo. Tofauti yake na pointi ni kwamba deni hapa linaelekea upande wa pili: Mangi ndiye anayemdai mteja. Katika pointi, ni mteja anayelidai duka, bila hati, bila riba, na bila kuwa kwenye foleni ya wadai duka likifilisika. Nakumatt ya Kenya ilikuwa na kadi ya pointi iliyojulikana sana Nairobi. Wadai wake walipopiga kura mwaka 2020 iuzwe na kufungwa, pointi hazikuwa na kaunta ya kwenda.

Ningependa kuona kanuni moja tu, na si ngumu. Kila pointi inayotolewa na duka, benki au kampuni ya simu katika nchi hii iandikwe thamani yake kwa shilingi, mbele ya mteja, siku anayoipewa, na mteja awe na haki ya kuidai kwa shilingi hizo. Hatuhitaji tume mpya. Sheria ya Ushindani ya 2003 imeshaweka chombo cha kumlinda mlaji. Na wala si wazo langu. Ndilo lililokuwamo ndani ya Sheria ya Stempu za Biashara ya 1964. Waingereza wenyewe waliifuta mwaka 2005, kama mzigo uliopitwa na wakati kwa wafanyabiashara. Clubcard wakati huo ilikuwa na umri wa miaka kumi.